Bwana Mganga na Benchi la Ndugu

Jina lake sitaliandika, na msidhani ni kwa heshima. Aliyemjua atamtambua kwa viatu vyake, na asiyemjua hapungukiwi kitu. Sisi tulimwita Bwana Mganga, wagonjwa walimwita Bwana Mganga, na hata mke wake, nilimsikia kwa masikio yangu haya, alimwita Bwana Mganga alipomletea chakula. Nilifanya naye kazi miaka tisa katika hospitali moja ya serikali, njiani kati ya Shinyanga mjini na machimbo ya Geita. Kwenye karatasi nilikuwa mhudumu wa wodi, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kuwa mdomo wake. Yeye alitoka mbali, Kisukuma hakukijua, na wagonjwa wengi wa miaka ile ya sabini Kiswahili kiliwapiga chenga. Kwa miaka yote tisa hakuniuliza jina langu hata siku moja. Aliniita Mkalimani.

Nianze na mazuri yake, maana nikianza na mabaya mtasema nina chuki. Chuki ninayo, siwafichi, ila hainizuii kusema kweli.

Yule mtu alikuwa na mikono. Nimewaona madaktari wengi tangu hapo, wenye vyeti vya kutundika ukuta mzima, lakini mikono kama ile sijaiona tena. Mchana mmoja wa mvua, jenereta imegoma na giza limetanda chumba cha upasuaji, alimpasua mama aliyepasuka kizazi huku mimi nimemshikia karabai. Mkono wake ulikuwa umetulia tuli, unashona kama fundi wa barazani anayeshona kanzu. Yule mama alitoka hapo kwa miguu yake, na mwaka uliofuata akatuletea jogoo. Bwana Mganga akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia. Akasema, "Aa, kitanda cha sita."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Majina ya watu hayakukaa kichwani mwake. Ulikuwa kitanda cha nne, au cha sita, au cha mlangoni. Ukipona unatoka, anaingia kitanda cha nne mwingine.

Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kamba, akivipiga rangi mwenyewe kila asubuhi kwenye ngazi za nyumba yake, vumbi au matope. Alikula amesimama. Alinawa mikono muda mrefu mpaka maji ya ndoo yanaisha, manesi wananung'unika. Na alikuwa na msemo wake mmoja, aliotupiga nao kila tulipotaka kumweleza mgonjwa jambo: "Maneno mengi yanachelewesha sindano." Alisema hivyo kwa nesi, alisema hivyo kwa mama anayelia, na siku moja alimwambia hivyo padri.

Sasa nifike kwenye benchi.

Hospitali yetu haikuwa na damu ya akiba. Tulikuwa na jokofu la mafuta ya taa, limelala upande mmoja, na ndani mara nyingi mlikuwa na chanjo na maziwa ya mke wa karani. Mgonjwa akihitaji damu, damu ilitoka kwa ndugu zake. Nje ya wodi palikuwa na benchi refu la mninga, na ndugu waliokuja na mgonjwa waliketishwa hapo. Mtu wa maabara anawachoma vidole, anachanganya matone kwenye kigae cheupe, anaangalia ya nani inakubaliana na ya mgonjwa na ya nani inagoma. Ambaye damu yake imekubali anaingizwa ndani, analazwa, inatoka chupa nzima ya kioo. Utaratibu ulikuwa huo, na hauna ubaya.

Ubaya ulikuwa kwenye maneno. Bwana Mganga alikuwa akija mbele ya benchi, anawatazama watu juu ya vichwa vyao, ananiambia mimi: "Waambie tunawapima tu."

Basi. Hakusema damu, hakusema chupa. Kuchomwa kidole ni kupimwa, na kulazwa kitandani na kukingiwa chupa nako eti ni kupimwa. Mimi nageuza kwa Kisukuma: mnapimwa tu, wazazi wangu, msiwe na wasiwasi. Mara ya kwanza nilimuuliza tukiwa pembeni, "Bwana Mganga, kwa nini tusiwaambie?"

"Mtu akijua anaogopa," akanijibu, "akiogopa anakimbia, akikimbia mgonjwa wangu anakufa. Wewe unataka wafe?"

Ungejibu nini? Tena miaka ile, vijijini, habari za mumiani zilikuwa zimejaa tele: watu wanaonyonya damu za wenzao na kuziuza, wanapita na gari jekundu, wanavaa koti jeupe. Nikaona huenda ana haki. Nikawa nageuza uongo wake kwa lugha ya mama yangu, na nikauzoea. Hapo ndipo penye aibu yangu, na ninaisema kabla hamjaniuliza.

Lakini sikieni kituko. Bwana Mganga alifuga kuku, na kila aliyetoka "kupimwa" alimpa yai moja la kuchemsha na kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Kwa mkono wake mwenyewe! Alisimama pale mpaka mtu ameze yai lote. Watu wakaenda na habari hiyo vijijini. Kipimo gani hiki cha kupewa yai? Anayepimwa kidole hapewi, anayepimwa kitandani anapewa, na akisimama anaona kizunguzungu. Wasukuma si wajinga. Mtu anayehesabu ng'ombe mia kwa kuwatupia jicho moja, utamficha chupa ya damu inayotoka mkononi mwake? Waliiona. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia inakwenda wapi, wakajijazia wenyewe.

Na tazameni mtu huyu alivyo mgumu kumchukia vizuri: yeye mwenyewe alikuwa anatoa. Benchi likiwa tupu alikunja mkono wa shati, akalala kitandani, akamwambia mtu wa maabara, "Kundi A, chukua." Alitoa mara nyingi kuliko nilivyoweza kukumbuka, na hakuna aliyemsikia akijisifu. Hakuwa mchoyo wa damu. Maneno ndiyo aliyokuwa mchoyo nayo.

Nilikuwa na mdogo wangu, Nyamizi. Tulikuwa mabinti wawili kwa mama yetu, na nilimbeba mgongoni mpaka mgongo wangu ukamjua. Aliolewa na kijana anaitwa Masanja, kijiji cha upande wa Masumbwe, kwa ng'ombe kumi na wawili. Alikuwa mcheshi, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Alipenda matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mpaka tulimwita hivyo. Alipokuja kuzaa mtoto wa pili, mtoto alitoka salama na kondo likagoma, damu ikamwagika njia nzima kwenye trela ya trekta la kijiji. Walimfikisha saa nne asubuhi. Alilazwa kitanda cha nne.

Bwana Mganga alifanya kila alichoweza kwa mikono ile. Kondo alilitoa. Lakini Nyamizi alikuwa mweupe kama unga wa muhogo, na ilihitajika damu upesi. Wa kwanza kunyoosha mkono nikawa mimi. Mtu wa maabara akachanganya kwenye kigae, ikagoma. Mimi nilikuwa A, mdogo wangu O. Bwana Mganga naye A, kwa hiyo hakufaa. Wakabaki walioketi kwenye benchi: Masanja, baba yake, na binamu zake wawili. Walichomwa vidole, na Masanja akawa O.

Alikuwa yeye, mumewe, ameketi pale, na damu yake imekubali.

Bwana Mganga akatoka na viatu vyake, akatazama juu ya kichwa cha Masanja, akaniambia, "Mwambie aingie ndani. Tunampima tu."

Mdogo wangu amelala hatua kumi kutoka pale. Ningeweza kusema lolote, Bwana Mganga asingejua. Lakini mazoea ni kitu kibaya, na hofu ilikuwa imenishika: nikisema damu, Masanja atakimbia. Nikafungua mdomo na nikasema, kwa Kisukuma, kwa sauti ileile ya kila siku, "Shemeji, ingia ndani, unapimwa tu."

Masanja akanitazama. Mwaka uliotangulia alikuwa amemleta baba yake kupasuliwa ngiri, na wakati ule naye "alipimwa", akapewa yai. Kumbe alikuwa ameiona chupa. Alikuwa amekaa na jambo hilo mwaka mzima.

"Shemeji," akasema, "hata wewe?"

Akasimama. Baba yake akasimama. Mzee akatamka neno lile, mumiani, si kwa kelele, kwa kuhuzunika tu, na wote wanne wakaenda kwenye baiskeli zao. Nikawakimbilia mpaka langoni, sasa nikisema ukweli wote, damu, Nyamizi, anakufa, shemeji nakuomba, napiga magoti. Nani angenisikiliza? Nilikuwa nimeshasema uongo dakika moja nyuma. Nyamizi alikufa saa nane mchana.

Masanja alinijia siku ya tatu ya msiba, tumekaa nje, akaongea bila kunitazama.

"Ungesema damu, ningetoa," akasema. "Nilitoa ng'ombe kumi na wawili kwa ajili yake. Ningekataa chupa ya damu?"

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Nikiyakumbuka navunja hata kikombe.

Niliporudi kazini Bwana Mganga alikuwa anapiga rangi viatu. Akasema, "Pole, Mkalimani. Ndugu wakikimbia, mimi nifanye nini?" Akaendelea na brashi yake. Pole hiyo niliichukua, nikaiweka, na nikaapa moyoni kwamba nitamlipa. Sikujua kwa njia gani, lakini nilijua sitaondoka pale mpaka nimemlipa.

Nilichokuwa nacho ni mdomo tu. Nikaamua kuutumia. Nikasema: kuanzia leo nitawaambia watu kila kitu, benchi lote litoke mbio, hospitali yake ibaki haina tone, wakubwa wa mkoa wamuulize wagonjwa wanakufaje. Ndiyo, nilijua watu wangeweza kufa. Nilikuwa mtu wa namna hiyo wakati ule, na sitajipaka mafuta hapa.

Wa kwanza walikuwa watu wa mchimbaji aliyefukiwa na shimo la dhahabu huko Geita, mguu umesagika. Kwenye benchi palikuwa na mkewe na kaka wawili wa mchimbaji. Bwana Mganga akaja, akatazama juu ya vichwa vyao.

"Waambie tunawapima tu."

Nikageuka kwa yule mwanamke. "Mayu," yaani mama, nikamwambia kwa Kisukuma, "huyu anasema mnapimwa. Anadanganya. Wakichoma kidole, hapo ni kupima kweli. Baada ya hapo watachukua chupa moja ya damu yako, chupa kamili, nitakuonyesha, na watamtilia mumeo mkononi ukiwa unaona. Utasikia kizunguzungu leo na kesho. Mwili utatengeneza nyingine. Hutaki, toka, hakuna wa kukushika."

Nikangoja wakimbie. Wallahi, nilikuwa nangoja kwa hamu.

Yule mwanamke akauliza, "Itatosha, chupa moja?"

"Pengine ziwe tatu."

"Atapona?"

"Sijui," nikasema, kwa sababu sikujua.

Akawatazama shemeji zake. Kisha akaanza kukunja kanga kwenye bega, akanyoosha mkono, na kaka wote wawili wakanyoosha yao. Bwana Mganga akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unaona?" akaniambia. "Maneno machache."

Loo! Nilitaka kulia. Na haikuwa siku ile tu. Kila nilipowaambia ukweli, watu waliketi. Wachache waliondoka, hilo kweli, lakini waliondoka wakiaga, na wengine walirudi na mtu mwenye nguvu zaidi. Wanaume walibishana nani atangulie. Jokofu lililokuwa la maziwa ya karani likaanza kuwa na chupa zilizosalia, na juu ya kila chupa palibandikwa plasta iliyoandikwa kundi, namba, na jina la aliyetoa. Ilikuwa kazi yangu kuandika majina hayo, na niliandika kila jina kwa ukamilifu.

Na kisasi changu? Kisasi changu kikamfanya mtu mkubwa! Wakubwa wa mkoa walikuja, wakafungua jokofu, wakashangaa. Wakamsimamisha mbele yetu aeleze siri yake, naye, viatu vinameta, akasema kwamba mwananchi hahitaji kuelezwa mengi, anahitaji kutulizwa. Wakapiga makofi. Mimi nikiwa nimesimama nyuma na sinia la chai, nikapiga nami, nikamwangalia. Baadaye wakampandisha cheo, wakamhamisha, akaondoka na kuku zake ndani ya Landrova.

Ningeweza kusema siku ile. Lakini nilitaka anisikie yeye peke yake, asiwe na pa kujificha, na mbele ya wageni angegeuza mambo kwa Kizungu. Nikangoja. Miaka ikapita, sukari ikawa ya foleni, nikawa mtu mzima kazini, manesi vijana wakiniamkia shikamoo.

Alirudi wakati huo, lakini safari hii alikuja amebebwa. Alikuwa amestaafu, amenunua shamba karibu na Masumbwe, na vidonda vya tumbo vilipasuka, akawa anatapika damu. Walimlaza palipokuwa na nafasi. Mkinisikia nasema kitanda cha nne mtadhani natunga, lakini vitanda vilikuwa kumi na nne tu.

Daktari kijana wa zamu akaniambia, "Mama, zungumza na ndugu zake." Nikatoka. Kwenye benchi alikuwapo mkewe peke yake, amejikunyata. Hapa hawakuwa na ndugu, na jokofu wiki ile lilikuwa tupu. Alichomwa kidole, ikagoma. Nikarudi ndani.

Bwana Mganga alinitambua. Midomo imekauka, lakini macho yaleyale, ila safari hii, kwa kuwa alikuwa amelala, hakuweza kunitazama juu ya kichwa.

"Mkalimani," akasema. "Kuna watu huko nje, waliokuja kuona wagonjwa. Waambie wanapimwa tu. Watakubali."

Nikavuta stuli nikakaa. Miaka yote ile sikuwahi kukaa mbele yake.

"Bwana Mganga," nikasema, "sijamwambia mtu maneno hayo tangu mdogo wangu alipofia kitanda hiki. Kila chupa uliyopigiwa makofi, niliiomba kwa ukweli. Niliwaambia kwamba unadanganya. Niliwaambia umesimama palepale, ukitikisa kichwa. Wakatoa."

Akauliza, "Wote?"

"Waliotaka. Na huyo mdogo wangu, mumewe alikuwa radhi kutoa. Alikimbia uongo wako, na mimi ndiye niliyeusema. Unamkumbuka?"

Akatafuta. Niliona kabisa anatafuta kwa bidii, uso mzima umejikunja. "Wengi wamelala hapa," akasema mwishowe.

Hapo nilikuwa na kila nilichokuwa nimekiomba. Damu ya kundi A ilikuwa ndani ya mishipa yangu, na ningeweza kutoka nje nikanywe chai. Nilikaa pale nikaitazama nafasi hiyo, na ilikuwa tamu, sitawadanganya.

"Unataka damu, omba," nikamwambia. "Mimi niko hapa, A. Omba kama mtu anavyoomba mtu."

"Nakuomba," akasema. "Nakuomba damu yako. Chupa moja. Nikiweza kupona nitapona, sijui."

Alisema sijui! Basi nikaenda maabara, nikanyoosha mkono. Kigae kikakubali. Ilipojaa, nikashika kalamu kama kawaida yangu. Niliandika kundi sawasawa na namba sawasawa. Kwenye jina sikuandika langu. Niliandika NYAMIZI, kwa herufi kubwa, nikaitundika chupa mwenyewe, plasta imemgeukia yeye.

Akasoma. "Nyamizi ni nani?"

"Alilala hapa," nikasema. "Soma tu. Inashuka tone tone, una mpaka saa kumi jioni."

Alisoma mchana kutwa. Kila nilipopita macho yake yalikuwa juu kwenye chupa, na mara moja nilimwona midomo inacheza, analitamka.

Alipona, mikono ya yule daktari kijana nayo haikuwa mibaya. Siku ya kutoka, mkewe amemshika kiwiko, alisimama mbele ya benchi nilipokuwa nikiongea na watu wa mgonjwa mwingine. Viatu havikuwa na rangi. Akangoja nimalize, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mkalimani," akaanza, kisha akajikatiza. "Jina lako nani?"

Watu wote wa benchi wakanigeukia.

"Nilikupa moja," nikamwambia. "Kaa nalo hilohilo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaondoka na mkewe kuelekea stendi. Langu hakulipata. Na nyinyi la kwake hamlipati, kwa sababu habari hii ina jina moja tu la kukumbukwa, nami nimeshawaambia.